Anwani za IP Zinapokwisha kwenye Ruta

Simu inapojiunga na waifai huwa bado haina anwani ya IP ya mtandao ule. Hutuma ombi kwa vifaa vyote kuuliza nani anayegawa anwani. Ruta iliyowashwa DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, hujibu kwa kupendekeza moja, simu huiomba rasmi, na ruta huthibitisha. Pamoja na anwani, simu huelekezwa njia ya kutokea kwenda intaneti na seva ya DNS ya kutumia. Kanuni zinazoongoza kazi hii kwenye IPv4 ziliandikwa na Ralph Droms mwaka 1997.

Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani DHCP ikiwa imeshawashwa, ndiyo maana wengi hawajawahi kuufungua ukurasa wake. Kwa familia ya watu watano hakuna neno. Kwenye mgahawa au nyumba ya wageni, kuiacha ilivyotoka kiwandani ni uzembe unaofukuza wateja. Anwani haitolewi moja kwa moja, huazimwa kwa muda. Tuseme ruta ina anwani 100 na kila moja huazimwa kwa saa 24. Mteja anakunywa chai nusu saa, anaondoka, lakini anwani yake inabaki imeshikwa hadi kesho. Wakifika wateja 100, wa 101 ataona alama ya waifai imejaa tele lakini intaneti hapati.

Dawa yake ni ndogo. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huwa imeandikwa kwenye kibandiko cha chini), kisha tafuta sehemu ya LAN au DHCP. Kama ruta yako ni 192.168.1.1, anza kugawa 192.168.1.50 na uishie 192.168.1.249: hizo ni anwani 200. Zilizo chini ya 50 ziachie printa na kamera, ambazo zinatakiwa kubaki na anwani ileile siku zote. Muda wa kuazima uwe saa moja au mbili. Soma vizuri kipimo, maana ruta nyingine huhesabu kwa dakika na nyingine kwa sekunde. Aliyekaa muda mrefu hatakatiwa, kwa sababu simu huomba kuongezewa muda unapofika nusu.

Kuna jambo moja linalosumbua hata mafundi. Ukiongeza ruta ya pili ili waifai ifike ghorofani, na kebo ukaichomeka kwenye tundu la LAN, zima DHCP yake. Ukiacha zote mbili zigawe, baadhi ya simu zitaelekezwa njia isiyotokea popote, leo hii, kesho ile, na chanzo hutakiona kwa urahisi.

Kabla hujampigia mtoa huduma kulalamika, tazama anwani iliyo kwenye kompyuta yako. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia, na tatizo limo ndani ya jengo lako.