Tusitupe Vipande vya Vitenge



Kila mmoja wetu anayeshona anaujua ule mfuko ulio chini ya mashini. Ndani yake mna masalio ya kitenge cha tarehe 8 Machi, kipande cha nguo ya arusi, ukingo wa gauni la mtoto. Ukijaa, tunawashia makala au tunatupa. Na usiku, mvua ikiisha kunyesha na mji wetu ulio karibu mita 1500 juu ya bahari ukiwa umepoa, watoto watatu wanavutana blanketi moja.

Thamani ya blanketi tunaijua. Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, tuliambiwa tuhame, na wengi wetu tukashika njia ya Sake. Tulibeba kidogo: mtoto mgongoni, na kichwani sufuria, unga na blanketi. Aliyesahau blanketi hajausahau usiku ule.

Ndiyo sababu wamama saba wa kikundi chetu tulikaa pamoja, tukamwaga mifuko yetu kwenye mkeka, tukaanza kuunga vipande.

La kwanza lilituharibikia. Tulichanganya vitenge vipya na vya zamani bila kuvifua. Lilipoingia majini, vipya vikasinyaa, rangi nyekundu ikamwagikia nyeupe, na blanketi likajikunja kama jani la sombe lililoachwa juani. Tulijifunza kwa hasara, ninyi jifunzeni bure.

Kwanza, chagueni na mfue. Pamba iende na pamba. Kitambaa kinachovutika, na kile chepesi kinachoteleza, vikae pembeni. Kinachotoa rangi kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha anikeni, pigeni pasi.

Pili, tengenezeni kipimo cha karto ngumu: mraba wa sentimita 17 kila upande. Mshono utakula sentimita 1 kila upande, hivyo mraba utabaki na sentimita 15. Kwa mtoto, miraba 7 kwa upana na 9 kwa urefu inatosha, yaani vipande 63. Itatoka blanketi ya sentimita 105 kwa 135 hivi.

Tatu, pangeni vyote chini kabla ya kushona, simameni mbali mtazame. Rangi kali zisirundikane upande mmoja. Ungeni miraba ya kila mstari, kisha ungeni mistari. Mnapopiga pasi, mishono ya mstari wa kwanza ilale kulia, ya mstari wa pili ilale kushoto, ili pembe zikutane bila kuvimba. Asiye na mashini atumie sindano ya mkono na hatua fupi fupi.

Nne, ndani wekeni blanketi la zamani lililochakaa, na chini shuka kuukuu ambayo bado ni imara. Kila mahali pembe nne zinapokutana, pitisheni sindano mpaka upande wa pili, irudisheni juu, mfunge fundo mara mbili. Hivyo vya ndani havitahamahama. Mwisho pindeni kingo, mshone.

Kazi hii si ngeni kwa watu wenye asili ya Afrika. Huko Karnataka, nchini India, wanaishi Wasidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa utumwani. Wamama wao hushona kwa mkono blanketi za vipande vya nguo kuukuu, zinazoitwa kawandi. Huanzia pembeni wakazunguka hadi katikati, na kila pembe huiwekea kitambaa kidogo kilichokunjwa, kinachoitwa phula, maana yake ua.

Blanketi letu la pili lilipokamilika, mfanyabiashara mmoja alitaka kulinunua. Hapo tukabishana. Sanduku letu la akiba lilikuwa karibu tupu, na tangu benki za mji zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, pesa mkononi zimekuwa ngumu kupata. Wengine walisema: tuuze, tununue uzi. Wengine wakamtazama mama mmoja kati yetu, aliyekaa muda mrefu katika hema huko Mugunga. Kipande chake katika blanketi lile kilikuwa cha kitenge alichombebea mtoto siku ya kukimbia. Alikileta mwenyewe, na sisi tuliposita na makasi mkononi alisema tu: «Kateni.» Juu ya kuuza hakusema neno.

Blanketi likaenda kwake. Mfanyabiashara tulimwomba angojee la tatu. Alingoja, na alilipa.

Tangu hapo tuna sheria: blanketi moja kwa nyumba yenye uhitaji kuliko nyingine, moja kwa soko, na pesa ziingie sandukuni mbele ya wote.

Juma lijalo kila mama alete vipande 9 vya kipimo kile, vimefuliwa na kupigwa pasi. Wamama saba kwa vipande tisa ni 63, blanketi zima. Haba na haba hujaza kibaba.