Bunduki kuukuu: Bei nafuu, gharama nzito

Mpunga ukishauzwa katika bonde la Kilombero, fedha hutafuta pa kwenda. Wapo wanaonunua mabati, ng'ombe au pikipiki. Wapo pia wakulima wa Chita, Mngeta na Mlimba wanaoulizia bunduki iliyokwisha tumika, ya kulinda mazao na mali, au ya kuweka kama akiba. Kwa mwenye mtaji mdogo, je, bidhaa hiyo inalipa?

Biashara ya silaha zilizoachwa na majeshi si ngeni katika ukanda huu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipochukua bunduki zinazojazwa nyuma, magobore yao yalimwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Yalifika Unguja, yakapelekwa bara kubadilishwa na pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilipitia huko kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazibana silaha za kisasa, gobore likaachiwa kwa masharti. Tangu wakati huo bei ya bunduki imefuata sheria.

Wajerumani nao walibana matumizi. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi walikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye kutumia baruti ya moshi. Kila risasi ilitoa wingu lililomwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji.

Mnunuzi wa leo apige hesabu ya mambo manne.

Kwanza, karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka kila silaha iwe na leseni. Maombi huanzia serikali ya kijiji, hupitia kamati za ulinzi na usalama, na huamuliwa na polisi. Mwaka 2016 wamiliki nchini walitakiwa kuhakiki silaha zao. Bunduki isiyo na nyaraka, hata ikiuzwa kwa bei ya kuku, ni njia ya kwenda jela. Isitoshe, leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009.

Pili, risasi. Silaha ya zamani yenye risasi adimu hugeuka pambo la ukutani. Bunduki ya marisau ya namba 12 ni ya kawaida duniani kote, na risasi zake hazisumbui kama za silaha zilizokwisha pitwa na wakati.

Tatu, hali yake. Mtutu wenye mashimo ya kutu, kitako chenye ufa au kifyatuo kilicholegea humaliza unafuu wote wa bei. Namba ikiwa imekwanguliwa, usiendelee na mazungumzo.

Nne, kuuza tena. Gunia la mpunga hupata mnunuzi siku yoyote. Bunduki haibadilishi mikono bila polisi kuidhinisha, na mnunuzi naye sharti awe na kibali. Mmiliki akifariki, warithi hawaichukui kama baiskeli. Hupelekwa polisi kwanza. Mali isiyouzika siku ya shida ni akiba mbovu.

Ushauri ni huu. Mwenye haja ya kweli ya ulinzi anunue moja iliyo nzima kwa muuzaji mwenye leseni, na atenge fedha za kabati la chuma, mafunzo na ada kabla ya kutaja bei. Aachane na wazo la kukusanya mbili tatu kwa sababu ni rahisi. Anayetaka mtaji ukue afikirie ghala: mpunga ulionunuliwa wakati wa mavuno kwa kawaida hupanda bei kuelekea mwanzo wa mwaka, na hauhitaji leseni ya polisi.