Kitambi cha Wanaume wa Boyoma

Mwanaume wa Kisangani, mji tunaouita Boyoma, akirudi likizo kutoka Brussels au Montreal na mashavu yamejaa, mama na mashangazi wanashangilia: ugenini kumemkubali. Akirudi amekonda, minong'ono inaanza. Mji wetu una sababu ya kuogopa wembamba, unaotukumbusha vita na maradhi. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita mitaani mwetu, na katika miaka ya ukimwi mtu aliyekonda alihukumiwa kabla ya kupimwa. Kitambi cha baba nani angekiita ugonjwa?

Mizani nayo humkosa mwanaume. Mama hupimwa akiwa mjamzito, mtoto hupimwa kila anapopelekwa chanjo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 16 hivi walikuwa na uzito uliozidi. Kwetu, kama sehemu kubwa ya Afrika, unene huwapata zaidi wanawake. Korea Kusini ni kinyume: mwaka 2020 karibu nusu ya wanaume walihesabiwa wanene, wanawake zaidi kidogo ya robo. Mwaka uliotangulia wanaume walikuwa kama asilimia 42, kisha korona ikaingia.

Ila Wakorea wana kikomo chao cha unene. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mwenye mita 1.70 na kilo 80 anapata 27.7. Shirika la Afya Duniani litamwambia uzito umezidi tu, kwa kuwa unene unaanzia 30. Seoul unaanzia 25, kwa sababu Waasia wengi hupata kisukari na shinikizo la damu wakiwa bado na kilo chache. Kwa kiuno cha mwanaume, Korea inaweka kikomo sentimita 90. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri Waafrika watumie 94 ya Wazungu hadi takwimu zao zipatikane. Yaani tumeazima kipimo. Mimi ningeanza kujihadhari mapema.

Nyumbani kilichomlinda mwanaume ni jasho. Aliendesha baiskeli ya toleka kutoka Mangobo hadi Makiso akiwa na abiria nyuma, au alivuta mitego ya wavuvi Wagenia kwenye maporomoko. Pikipiki za Kichina zimepumzisha miguu mingi. Huku ugenini ni zaidi: kazi ni usukani, au kiti cha mlinzi usiku kucha, na kukesha kazini kwenyewe huvuruga njaa na usingizi. Sufuria haikubadilika. Lituma ya ndizi za kuponda ni ileile, sombe ya majani ya mihogo inaogelea katika mawese, na kila kijiko kikubwa cha mafuta hayo ni kalori 120 hivi. Sisemi tuache sombe, Mungu aepushe. Lakini chupa kubwa ya bia ina kalori kati ya 250 na 300, na Jumamosi ya matanga au harusi hakuna anayeishia moja.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo ya hatari kuliko ya mapaja. Kwa hiyo tumia utepe wa fundi cherehani: pima katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Usiamini mkanda. Wengi wetu tunaufunga chini ya kitambi, na suruali inabaki namba ileile miaka kumi.