Kombi Kuukuu na Mafundi Wasioficha Elimu

Wako watu ambao wakipata fedha hununua gari jipya, na wako wengine ambao wakipata fedha hununua kutu. Hawa wa pili, ndugu msomaji, si wendawazimu, wala si matajiri waliokosa la kufanya. Wengi wao ni watu wa kazi na mshahara kama mimi nawe, na kutu wainunuayo ni ya kombi ya Volkswagen, ile yenye mtambo nyuma, ambayo watu wa makamo katika mwambao wetu waikumbuka vyema. Huinunua ikiwa imelala uani miaka 20, kuku wametagia ndani, kisha huishughulikia jioni hata jioni mpaka itoe sauti. Ikiisha kutoa sauti huitia kitanda, kabati na jiko, wakapakia wake na watoto, wakaenda zao.

Watu hawa wako Ujerumani, Uingereza, Marekani, Brazil, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka wa 2007 walikusanyika Hannover, Ujerumani, kusherehekea miaka 60 ya kombi, na kombi zilizofika zilikuwa maelfu. Gari iliyoundwa kubebea mizigo ya maduka imepataje kupendwa hivyo? Na inawezaje kuishi miaka 50 au 60, hali nyingi za umri wake zimekwisha kuyeyushwa zikawa nondo? Jawabu ni kwamba kombi huishi kwa sababu waijuao hawaifichi elimu yake.

SANDUKU LA BEN PON

Kombi haikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Mwaka wa 1947, miaka 2 baada ya Vita Vikuu vya Pili, mfanyabiashara wa Kiholanzi aitwaye Ben Pon alifika katika kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg. Huko aliona kigari cha kubebea vyuma ambacho wafanyakazi walikuwa wamekiunda wenyewe kutokana na ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Akapata wazo. Tarehe 23 Aprili alichora katika kijitabu chake sanduku lenye magurudumu: dereva mbele kabisa, mtambo nyuma, mzigo katikati.

Machi 1950 gari zenyewe zikaanza kutoka kiwandani. Mtambo wake ulikuwa wa sentimita 1,131 za ujazo na nguvu za farasi 25 tu. Wajerumani waliipa jina la utani la Bulli. Hilo la kombi, tulitumialo sisi na watu wa Brazil na Afrika Kusini, ni kifupisho cha neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari la matumizi mawili, watu na mizigo, kwani viti vyake vya nyuma vyaweza kutolewa.

Basi mahali viti vinapotoka, kitanda chaweza kuingia. Mwaka wa 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitengeneza sanduku la kabati na vitanda la kutia ndani ya kombi, na mwenye gari aliweza kuitumia kwa kazi siku za wiki na kulala ndani yake siku za mapumziko. Waingereza nao wakafuata, Devon na Dormobile wakiwa miongoni mwao, na hawa Dormobile wakajulikana kwa paa la turubai linaloinuka upande mmoja ili mtu mzima aweze kusimama. Tangu hapo kombi ikawa nyumba.

MTAMBO USIOKUNYWA MAJI

Siri ya kwanza ya uhai wa kombi hizi za zamani ni kwamba mtambo wake haupozwi kwa maji. Hauna rejeta, hauna mipira ya maji ya kupasuka, hauna cha kuchemka njiani. Silinda zake 4 zimelala ubavu, 2 kushoto na 2 kulia, na feni huvuta upepo na kuusukuma juu yake. Katika kombi za mwanzo mtambo wote umeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti 4. Watu 2 wenye jeki nzuri waweza kuuteremsha asubuhi, wakafanya kazi yao, wakaurudisha kabla ya magharibi.

Lakini wepesi huo una masharti. Oili ni lita 2 na nusu tu, na mitambo mingi ya aina hii haina chujio ila wavu mdogo wa chuma. Kwa hiyo oili hubadilishwa kila maili 3,000, na mwenye kuchelewa hulipa. Kadhalika valvu hupimwa mtambo ukiwa baridi, na katika mingi ya mitambo hii nafasi yake ni milimita 0.15. Hapa pana jambo linalowadanganya wageni. Valvu iliyolegea hugonga, tak tak tak, kila mtu akaisikia. Ile iliyobana hunyamaza, ikaungua pole pole, mpaka siku kichwa chake kikatike na kutoboa pistoni. Ndiyo maana wazoefu wa kombi hawauogopi sana mtambo unaolalamika. Wauogopao ni ule unaonyamaza.

Tena wanajua ni silinda ipi itakayoanza kuumia. Ni ya 3. Katika mitambo ya zamani kipoza oili kimesimama mbele ya upepo unaoiendea silinda hiyo, kwa hiyo upepo huifikia ukiwa umekwisha kupata joto. Kiwanda chenyewe kilikisogeza kipoza hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wenye mitambo ya kabla ya hapo huvaa kifuniko cha feni cha aina mpya ili kuiokoa silinda ya 3. Aidha, taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, mwenye kombi hasemi ataangalia akifika nyumbani. Mshipi unaozungusha dainamo ndio huohuo unaozungusha feni. Ukikatika, upepo umekwisha, na dakika chache zatosha kuuharibu mtambo.

ADUI ALIYE NDANI

Kutu ni adui anayejulikana na wote. Huanzia chini ya mpira wa kioo cha mbele, kwenye matao ya magurudumu, chini ya betri, na ndani ya vizingiti vya milango. Mwenye haraka hupaka rangi juu yake, na mwaka wa pili kutu humrudia ikiwa imekula zaidi. Mwenye subira hukata mpaka afikie chuma kizima, akachomelea bati jipya.

Lakini adui mbaya zaidi ni moto. Mipira myembamba ipitishayo petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta huvikwa uzi, nao kwa nje huonekana mizima hali ndani imekwisha kuoza. Petroli ya siku hizi iliyochanganywa na spiriti huiozesha upesi zaidi. Mpira ukipasuka, petroli hudondokea juu ya mtambo wa moto ulio nyuma, dereva yuko mbele, wala haoni kitu mpaka mwenye gari linalomfuata ampigie honi. Na gamba la mtambo huu limetengenezwa kwa madini yaitwayo magnesi, ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali, na kuyamwagia maji ni kuyazidishia. Kombi nyingi zilizonusurika na kutu zimeishia hivyo kando ya barabara, na ndani yake hulala watoto. Ndiyo maana katika mikutano ya wapenzi wa kombi jambo la kwanza ambalo mgeni huulizwa si rangi wala redio. Huulizwa mipira yake ya petroli ameibadili lini, na kizima-moto chake kiko wapi.

KITABU CHA MHANDISI

Elimu hii yote ilipatikanaje kwa watu wasiokuwa mafundi? Mwaka wa 1969 Mmarekani mmoja, John Muir, aliyekuwa mhandisi akaiacha kazi yake, alichapisha katika jimbo la New Mexico kitabu kiitwacho How to Keep Your Volkswagen Alive. Alikiandika kwa ajili ya mtu asiyejua kitu, akamweleza kila hatua kama mjomba amwelezavyo mpwa wake, na michoro ikatiwa na Peter Aschwanden. Muir alifariki mwaka wa 1977, lakini kitabu kiliendelea kupigwa chapa na kusomwa, na kurasa zake katika nyumba nyingi zimejaa alama za vidole vyenye oili.

Muir alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza gari za watu. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema, nikiwafundisha watanijia na nini? Yeye alifundisha. Wenzake wakafuata nyayo. Vyama vya kombi vilianzishwa katika nchi nyingi, na desturi yao ni moja: ajuaye huonyesha, asiyejua hushika taa. Mwenye mashine ya kuchomelea huiazima, mwenye spea mbili hutoa moja. Wakisafiri huenda kwa msafara, na moja ikikwama zote husimama. Kazi hiyo ya pamoja imewafanya wenye viwanda vidogo kuanza kutengeneza upya mabati na spea zilizokwisha kukosekana. Brazil nayo ilisaidia sana, kwani huko kombi iliendelea kuundwa mpaka Desemba 2013, ikasimamishwa kwa kuwa sheria mpya ya usalama ilitaka mifuko ya hewa na breki zisizofunga, mambo ambayo bodi hiyo ya kale haikuyaweza.

KUBADILI NA KUTOBADILI

Usidhani lakini kwamba watu hawa hawagombani. Wako wanaotaka kombi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hata rangi ya kitasa. Hawa wana hoja ya fedha pia, kwani Samba, ile kombi ya madirisha 23, imewahi kuuzwa katika mnada Marekani kwa zaidi ya dola 200,000. Wako wengine wanaoishusha mpaka iguse lami, wakautoa mtambo wake na kutia wa Subaru, na siku hizi hata wa umeme. Wa kwanza huwaambia wa pili kuwa wameua, na wa pili huwajibu wa kwanza kuwa wamezika.

Kwa maoni yangu pana mizani ya kupimia ugomvi huu. Badiliko la kulinda roho ya mtu halina lawama. Kombi za zamani zilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki. Pakivuja mahali pamoja, breki zote zimekwenda. Na dereva wa kombi amekaa juu ya magurudumu ya mbele, hana bonenti ya kumkinga. Basi anayemlaumu mwenzake kwa kutia breki za njia mbili anaipenda kombi kuliko nduguye. Badiliko la raha nalo lafaa, maadamu laweza kurudishwa: kabati lililofungwa kwa skrubu badala ya kuchomelewa, na kitu cha asili kilichotolewa kikawekwa rafuni. Lakini bodi iliyokatwa kwa ajili ya mtindo wa mwaka mmoja hairudi, na kila moja inayokatwa hupunguza hesabu.

SISI NA VYOMBO VYETU

Mwambao huu nao ulikuwa na kombi zake, na mafundi wake walijua kuzibadili. Katika siku ambazo kombi zilibeba watalii kwenda Tsavo, paa lilikatwa na kuwekewa kifuniko cha kuinuliwa, ili mgeni asimame amtazame ndovu bila ya kushuka. Hilo pia lilikuwa badiliko, tena la kazi na akili. Kisha zikaja Nissan na Toyota, na kombi zikaachwa moja baada ya moja. Waliozipasua mitambo na kuziunga tena, wakaijua sauti ya kila valvu, ni wazee leo, na baadhi yao wamekwisha kutangulia.

Hatuhitaji kwenda Ujerumani kujifunza hasara ya jambo hilo. Visiwa vya Lamu viliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasi na msumari hata mmoja, kikasafiri na boriti zake miaka na miaka. Bahari haikuumaliza mtepe. Mbao zilipooza zilibadilishwa, kamba zilipolegea zikashonwa upya. Ulikwisha pale kazi yake ilipochukuliwa na vyombo vingine, na waliojua kuushona wakaondoka bila ya kuwa na wa kuwarithi. Leo imebaki mifano yake ya kutazamwa katika makumbusho. Mfano hauelei.

Wapenzi wa kombi hawana akili kutushinda, wala mikono yao si bora kuliko ya mafundi wetu. Wamefanya jambo moja: walichokijua wamekiandika, wamekichora, na wamekionyesha kwa yeyote aliyekuja na spana mkononi. Kwa hiyo kijana wa Kizingo au Malindi ambaye babu yake ameacha kombi chini ya mwembe, asianze kwa kutafuta fedha. Na aanze kwa kumtafuta mzee aliyekuwa akiitengeneza, akae naye barazani na daftari, aandike. Rangi yaweza kungoja mwaka ujao. Mzee huenda asingoje.