Nguva, jamaa ya ndovu aliye hatarini zaidi

Ndovu huishi nchi kavu, nguva huishi baharini. Hata hivyo, wanasayansi huwahesabu kuwa jamaa. Wote ni mamalia walao majani waliotokana na babu mmoja, ingawa ndovu yumo katika oda ya Proboscidea na nguva katika Sirenia.

Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya. Mwaka huo, ndovu wa savana aliorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kuangamia. Nguva wa Afrika Mashariki, alaye nyasi za bahari katika maeneo kama Kiunga, Lamu, aliorodheshwa 2022 kuwa hatarini zaidi: waliokomaa hawafiki 250.

Majangili huwinda ndovu kwa pembe zake. Nguva mara nyingi hufa bila kuwindwa: akinaswa na nyavu za wavuvi, hushindwa kuibuka kupumua.