Conan wa Japani na Bwana Msa Wetu

Kijana wako wa Ukunda au Msambweni akizama katika katuni za Kijapani, usimkemee. Muulize kama anamjua Conan, mpelelezi mwenye umbo la mtoto, aliyebuniwa na Gosho Aoyama mwaka 1994. Jina lake limetokana na Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes.

Kumbe Holmes ana mjukuu huku pia! Mpe kijana “Mzimu wa Watu wa Kale” (1960) cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Maiti yaonekana mzimuni, na Bwana Msa, kiko mdomoni, amsaka muuaji. Anayeijua Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, anajua mahali pa wazee hapaingiwi ovyo. Huyo atasisimka maradufu. Akimaliza, kipo “Kisima cha Giningi”.