Gari Huchakaa, Deni Halichakai



Jembe lililolimiwa misimu mitatu si jembe lile lililotoka dukani. Makali yake yameliwa na mawe. Ukilipeleka gulioni, hakuna mtu atakayekupa bei uliyonunulia. Kitu kinapopungua thamani kwa sababu ya umri na matumizi, watu wa mahesabu husema kimechakaa. Kupungua huko wanakuita uchakavu.

Leo tunataka kueleza uchakavu kwa kutazama kitu kilicho mbali nasi. Tutatazama magari ya mbio ya kifahari: Ferrari ya Italia, Jaguar na McLaren za Uingereza. Mtatuuliza, "Sisi tuna haja gani na magari ya matajiri?" Haja ipo. Wanunuzi wa magari haya wana wanasheria na wahasibu. Hata hivyo, wengi wao walikosea hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuikosea akinunua baiskeli au pikipiki.

BEI INASHUKAJE?

Gari jipya huanza kupungua bei siku ile ile linapotoka dukani. Kwa nini? Kwa sababu sasa limekuwa gari la mtu, si jipya tena. Magari mengi hupoteza kama sehemu 1 katika 5 ya bei yake kwa mwaka wa kwanza. Magari ya kifahari mara nyingi hupoteza zaidi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme gari limenunuliwa kwa pauni 100,000 za Uingereza, nalo linapoteza sehemu 1 katika 5 kila mwaka.

Mwisho wa mwaka wa 1: pauni 80,000.
Mwisho wa mwaka wa 2: pauni 64,000.
Mwisho wa mwaka wa 3: pauni 51,200.
Mwisho wa mwaka wa 4: pauni 40,960.
Mwisho wa mwaka wa 5: pauni 32,768.

Mnaona? Katika miaka mitano, theluthi mbili ya fedha imekwenda. Tena tazameni vizuri: mwaka wa kwanza zilipotea pauni 20,000, lakini mwaka wa tano zilipotea kama 8,000 tu. Basi anayeumia zaidi ni yule aliyenunua likiwa jipya.

Hali hii ndiyo inayoleta magari kwetu. Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania yametumika kwanza Japani. Kule, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama. Basi wenye magari wengi huona afadhali wauze. Bei ikishashuka kule, ndipo sisi tunanunua. Na usukani wao uko kulia kama wetu.

KWA NINI GARI LA MBIO HUSHUKA HARAKA?

Sababu ya kwanza ni matengenezo. Bei ya gari kuukuu inaweza kushuka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Chukueni mfano wa Ferrari Testarossa, gari la miaka ya 1980. Ndani ya injini yake kuna mikanda ambayo lazima ibadilishwe kila baada ya miaka michache. Ili kuibadilisha, fundi hushusha injini nzima chini. Kazi ya mkanda tu, injini yote iko sakafuni! Mnunuzi anayajua haya, kwa hiyo anapunguza bei mapema.

Sababu ya pili, wanunuzi ni wachache. Gari la kubeba watu na mizigo linatakiwa na wengi. Gari la viti viwili lililo chini chini, lenye kunywa mafuta kama maji, linatakiwa na wachache.

Sababu ya tatu, kila mwaka hutoka gari jipya lenye mbio zaidi. La jana linaonekana la kizamani.

YAPO YANAYOPANDA BEI

Sasa basi, msishangae. Yapo magari machache yanayopanda bei badala ya kushuka. Ferrari 250 GTO ilitengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1964. Yalitengenezwa magari 36 tu. Lilipokuwa jipya, bei yake Marekani ilikuwa kama dola 18,000. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa gari la mbio lililopitwa na wakati, likauzwa kwa dola elfu chache tu. Lakini mwezi Novemba 2023, moja liliuzwa katika mnada huko New York kwa zaidi ya dola milioni 51. Milioni moja ni elfu mara elfu.

Mfano mwingine ni McLaren F1. Yalitengenezwa magari 106 tu katika miaka ya 1990. Wakati huo kampuni ilipata taabu kuyauza kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2021 moja liliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20.

Kwa nini haya yalipanda? Ni machache sana, na hayatengenezwi tena. Yalishinda mashindano makubwa. Na watoto waliokuwa wakitazama picha zake ukutani wamekua, wamepata fedha, wanataka kutimiza ndoto zao. Lakini tuhesabu vizuri. Hapa tumetaja magari 142 jumla. Ya kawaida yaliyochakaa na kusahauliwa ni maelfu kwa maelfu. Mtu akikuonyesha mmoja aliyefaidika, muulize wako wapi wale waliopoteza.

KISA CHA JAGUAR XJ220

Mnamo mwaka 1987 hadi 1989, bei za magari ya mbio ya zamani zilipanda sana Ulaya, Marekani na Japani. Mzee Enzo Ferrari alipofariki mwezi Agosti 1988, magari yenye jina lake yalizidi kutafutwa. Watu walianza kununua magari wasiyotaka kuyaendesha. Walitaka kuyauza tena kesho kwa faida.

Wakati huo huo, Oktoba 1988, kampuni ya Jaguar ilionyesha gari lake jipya, XJ220, katika maonyesho ya Birmingham. Mwaka uliofuata ilitangaza bei: pauni 290,000, bila kodi. Aliyelitaka alitakiwa kutoa arubuni ya pauni 50,000. Arubuni ni fedha ya kushikia mali kabla ya kuipata. Mkataba ulisema pia kwamba bei itaongezeka kadiri gharama za maisha zinavyopanda. Maombi yalikuwa mengi kuliko magari. Baadhi ya waombaji hawakutaka gari. Walitaka kuuza nafasi yao katika foleni.

Kumbe upepo ulikuwa unageuka. Kuanzia mwaka 1990, bei za hisa za Japani zilianguka, kisha na za ardhi. Uingereza na Marekani nako uchumi ulidorora. Bei za magari ya mbio zikaporomoka. Mwaka 1992 XJ220 lilipokuwa tayari, bei yake ilikwisha kupita pauni 400,000. Injini nayo haikuwa ile ya silinda 12 iliyoonyeshwa kwanza, bali ya silinda 6. Wanunuzi wengi wakataka kujitoa. Kampuni ikasema mkataba ni mkataba. Mambo yakafika mahakamani. Wengine walilipa fedha ili wafunguliwe tu kutoka katika mkataba, na gari wasilipate! Magari yaliyotengenezwa hayakufika 300, na ya mwisho yaliuzwa kwa chini ya nusu ya bei ile.

Miaka ya karibuni XJ220 limepanda tena, mengine yameuzwa kwa zaidi ya pauni 400,000. Je, hiyo ni faida? Hapana. Pauni ya leo inanunua kama nusu tu ya vitu ilivyonunua mwaka 1992. Tena kwa miaka 30 mwenye gari amelipa bima, banda na fundi. Hata gari lisilotembea huharibika: mipira hukauka, matairi hupasuka, mafuta hugeuka gundi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, bei ya kitu si fedha uliyotoa wewe. Ni fedha ambayo mwingine yuko tayari kutoa leo.

Pili, gari huchakaa lakini deni halichakai. Ukinunua pikipiki kwa mkopo, pikipiki itapungua thamani kila mwezi. Deni halipungui mpaka ulipe, na riba inaongezeka. Basi kitu cha mkopo lazima kizalishe fedha haraka kuliko kinavyochakaa. Kisipozalisha, utalipa deni la kitu kilichokwisha kufa.

Tatu, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, tusome mkataba wote. Tutafute mahali palipoandikwa kwamba bei inaweza kuongezeka. Tuulize pia tukitaka kujitoa itakuwaje. Wewe unajua kusoma sasa. Usikubali kuambiwa, "Weka sahihi tu hapa."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Baiskeli ya shilingi 300,000 ikipoteza sehemu 1 katika 5 kila mwaka, itakuwa na thamani gani baada ya miaka 2?

2. Ni vitu gani kijijini kwetu huchakaa haraka, na ni vipi huongezeka thamani?

3. Mtu akikushauri ukope ununue kitu kwa sababu "bei itapanda tu," utamwuliza maswali gani?